Barua ya Joyeuse kwa Papa Noeli

Joyeuse hakugusa wali wake. Tangu arudi kutoka shuleni alikuwa ameinamia meza, ulimi nje, akiandika na kufuta, akiandika na kufuta, mpaka karatasi ikaanza kutoboka.

Shule yao pale Etobicoke ni ya Kifaransa, na kwa Kifaransa Santa huitwa Papa Noeli, yaani Baba Noeli. Mwalimu aliwaambia darasa zima wamwandikie, atawajibu kabla ya Krismasi. Basi mtoto wa miaka sita akapanda lifti hadi ghorofa ya kumi na mbili akipiga kelele kwamba madamu anamjua Papa Noeli. Koko Donatienne, bibi yake, alimpokea mkoba, akataka kusema neno, akashindwa. Uso unang'aa namna ile, utaanzia wapi kuuzima? Hata wewe usingeweza.

Hii ilikuwa Krismasi yao ya kwanza Kanada. Miaka yote ya kambi ya wakimbizi hakuna aliyewabishia hodi na zawadi, si Papa Noeli, si nani.

Barua yenyewe haikuomba mdoli wala baiskeli. Ilimwomba aje tu. Ilimweleza kwamba lifti ikiharibika apande ngazi za nyuma, na kwamba Koko atampikia sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa vizuri.

Willy, kaka yake wa miaka kumi na mmoja, aliisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti, akakunja uso, akamfuata Koko jikoni.

"Papa Noeli hayupo, Koko. Na wewe unajua."

"Punguza sauti."

Willy hakupunguza sana. Alisema kule kambini Joyeuse aliahidiwa atakuja wakifika Kanada. Haya, wamefika, yuko wapi? Siku ya Krismasi mtoto atakaa mlangoni kutwa nzima, na usiku atamlilia yeye, si Koko, kwa sababu wanalala chumba kimoja. Na akija kujua walimdanganya, hatamwamini mtu tena nyumba hii. Afadhali aambiwe leo. Koko asipomwambia, atamwambia yeye.

Alisema kweli tupu, na ndicho kilichomuudhi Koko. Alimfokea kwamba yeye kakomaa mapema mno, basi amwachie mwenzake utoto kidogo. Halafu hasira ikamwisha. Alishika ukingo wa sinki, machozi yakamtoka, na bibi huyu si mtu wa kulia ovyo.

"Krismasi hii moja tu, Willy. Nakuomba. Nikishapata nguvu nitamwambia mwenyewe."

Willy alirudi sebuleni akiwa ameshaamua, maneno yote yako mdomoni. Joyeuse alikuwa amekwisha kuikunja barua. Kabla kaka yake hajatamka kitu, alimsogezea bahasha na kalamu.

"Niandikie wewe, una mwandiko mzuri," alisema. "Madamu kaandika ubaoni Papa Noeli tu, hajui jina lake lote. Andika: Papa Noeli Bisimwa, baba wa Willy na Joyeuse."

Willy, aliyetia udongo kaburini mwa baba yao akiwa na miaka minane, akaketi, akaandika.