Nani Alifunga Vifungo

"Mwandishi huyo ni mjinga," alisema Mhakiki, bila kuinua uso kutoka kwenye kitabu chake. "Kamfungia bibi harusi chumbani, kafunga mlango kwa ndani, dirisha kalisahau. Chumba gani hicho kisicho na dirisha?"

Mshonaji, kwenye kiti cha jirani, aliguna kidogo. Kitabu chake, alichokivika gazeti kama daftari la mwanafunzi, kilichakarika alipokilaza kifuani. Akasema labda dirisha litatajwa huko mbele, yeye hajafika.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Wote walikuwa wameunganishwa na mashine za kusafisha damu, saa nne kila kikao, mara tatu kwa wiki, wakiziachia mashine kazi ambayo figo zao zilikuwa zimeikataa. Mtu huwezi kusimama, huwezi kwenda popote. Basi walielezana wanachosoma.

Mhakiki alikuwa ameandika magazetini kwa miaka thelathini kuhusu vitabu vya watu. Waandishi wawili watatu waliacha kabisa kuandika kwa sababu yake, na jambo hilo alilitaja kwa fahari. Ugonjwa wa sukari ulimla figo, ulimi ukamwachia. Kila kikao mpwa wake alimshika mkono mpaka kitini, akamwekea mapajani riwaya nene, akaenda zake. Mshonaji alipomuuliza amefika wapi, alijibu kwamba kitabu cha maana hakisomwi kwa kukimbizwa. Wenye haraka wasome mabango ya barabarani.

Dereva wa malori, kiti cha tatu, alikuwa na kitabu cha namna ya kutajirika. Mhakiki alimuuliza kama mwandishi alitajirika kabla ya kukiandika, au baada ya kumuuzia yeye. Tangu siku hiyo Dereva akawa anasoma kimoyomoyo.

Mshonaji hakunyamazishika. Katika hadithi yake bibi harusi anatoweka asubuhi ya ndoa. Ndugu wanavunja mlango, wanakuta gauni limetundikwa ukutani, vifungo vyote arobaini vya mgongoni vimefungwa, kimoja kimoja. Mwenyewe hayupo. Na vifungo vya mgongoni mtu hajifungi wala hajifungui.

Mhakiki alisema mwandishi anajua pindo kuliko anavyojua watu. Ukurasa mzima wa lesi, na bwana harusi hajapewa hata pua.

Jumatano Mshonaji alikuwa na habari. Dirisha lilikuwapo, ila baba mtu aliliziba kwa matofali mwaka mmoja kabla, alipomkuta binti akiongea na mtu wa nje.

Mhakiki alifunua ukurasa wa riwaya yake. "Afadhali," akasema. "Kazinduka."

Akahamia kwa bwana harusi. Kumfanya bwana harusi awe ndiye mwovu ni uvivu mtupu, alisema, hata mlevi wa mtaani angebuni hivyo. Ijumaa ikabainika kwamba bwana harusi hakuweza kuwa mwovu: usiku ule alikuwa hospitalini, mguu umevunjika. Mhakiki alimweleza muuguzi, huku akichomolewa sindano, kwamba yeye aliliona hilo likija tangu mbali.

"Takataka," aliongeza. "Lakini takataka iliyoanza kujirekebisha."

Takataka hiyo ilimharibia Jumamosi na Jumapili. Alikula bila kujua anakula nini. Alimshuku shangazi wa bibi harusi, akamwachia, akamshuku mama mkwe. Jumatatu mpwa wake alichelewa dakika kumi kumleta, akakaripiwa njia nzima.

Wiki mbili zikapita hivyo. Mhakiki alilalamika kwamba shangazi anaongea mno, na shangazi akaanza kuongea kidogo. Hatimaye Mhakiki akaomba aazimwe kitabu, siku moja tu, akimalizie nyumbani.

"Hapana, mzee wangu," alisema Mshonaji. "Ukikimaliza wewe, mimi nitasoma na nani?"

Mhakiki akamjibu kwamba hakuwa akiomba. Alitaka tu kuona kitaishia vibaya kiasi gani. Mshonaji alicheka, akasema zimebaki kurasa chache.

Jumatatu iliyofuata kiti cha jirani kilikuwa kimya. Hakuna gazeti lililochakarika. Mhakiki alivumilia nusu saa, ndipo akamuuliza Dereva, mtu ambaye hakuwa amemsemesha kwa mwezi mzima. Dereva alimwambia kwamba kaka yake Mshonaji amekubali kumpa figo moja. Walimchukua jana kwenda kupasuliwa katika hospitali kubwa, na mambo yakienda vizuri hatarudi hapa tena.

Mhakiki alisema ni jambo jema, na alimaanisha. Kisha hasira zikampanda. Mtu gani anaondoka na sura ya mwisho? Huo ndio ustaarabu wa wasomaji wa vitabu vya aina ile. Alijiambia hajali nani alifunga vifungo, akajiambia tena, na mashine ikaanza kulia kwa sababu mapigo ya moyo yalikuwa yamepanda.

Muuguzi alikuja kuinyamazisha. Akamwekea kitu mkononi.

"Yule mama mshonaji amekuachia hiki. Amesema sasa ni chako."

Mhakiki alilipapasa lile gazeti. Kitabu kilikuwa chembamba kuliko alivyodhani. Alisubiri mpaka Dereva akaanza kukoroma, ndipo akamvuta muuguzi karibu, na kwa sauti ambayo hakuna mwandishi aliyewahi kuisikia kutoka kwake, akamwomba amsomee ukurasa wa mwisho.

Muuguzi hakuuliza kwa nini. Faili lake alilijua. Macho yalikuwa yamemzimika tangu mwaka juzi. Alifungua mwishoni, akarudi mwanzoni, akalivua gazeti kutazama jalada, akaenda tena mwishoni.

"Mzee," akasema taratibu, "hiki ni kitabu cha kufuga kuku."