Alama za Magurudumu

Siku mume wa Marlys alipoanguka uani akikusanya majani makavu, ardhi ilikuwa imelowa mvua. Gari la wagonjwa lilipita juu ya nyasi, likamchukua, likaacha mifereji miwili ya magurudumu mpaka barabarani. Hakurudi.

Marlys hakuifukia. Kila asubuhi alisimama dirishani na kahawa yake, akaiangalia njia aliyoondokea mumewe.

Jumapili moja, theluji ikinukia, alitoka kanisani akamkuta jirani uani kwake, reki mkononi, magoti yamejaa udongo. Nyasi zilikuwa zimekatwa fupi, majani yamezolewa yote. Palipokuwa na mifereji palikuwa na udongo mweusi, uliosawazishwa vizuri na kumwagiwa mbegu.

"Usinishukuru, shemeji," jirani alisema akicheka. "Marehemu angezikuta nyasi zake zilivyokuwa, angenifukuza kwa reki hii hii!"

Marlys aliinama. Akazamisha kidole udongoni, akatafuta ukingo wa mfereji. Pote palikuwa laini.

"Ahsante, shemeji," alisema. Mtu aliyekutendea wema utamwambia nini kingine?

Usiku theluji ikaanguka. Mbegu zitaota mwezi wa Mei.