Kibuyu cha Tatu

Askari walimwekea Arbia mbele yake vibuyu vitatu vya maziwa ya ngamia, walivyovikuta porini walikolala mashifta, wale waasi wa porini.

"Onja, mama," mkubwa wao alisema. "Nasikia ulimi wako unajua moshi ambao kila boma hapa Kotile hufukizia vibuyu vyake. Tuambie nani anawalisha."

Arbia akapiga funda la kwanza. "Hiki kimefukizwa vibaya, kinanuka majivu tu. Mwenyewe simjui."

Cha pili kilikuwa kichachu. "Huyu naye mvivu wa kuosha. Wallahi simjui."

Askari mmoja akacheka.

Cha tatu kilishuka kooni taratibu, kitamu, na moshi wake ulikuwa wa kuni alizochoma mwenyewe juzi, kabla ya kumjazia mwanawe maziwa ya safari. Uso haukutikisika.

"Na hiki?"

"Hiki pia, mwanangu, mwenyewe simjui."

Akamrudishia mkubwa kibuyu kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipoona kwamba yule mkubwa hamtazami usoni. Alikuwa akitazama vidole vyake, vilivyokwisha kukifunga kifuniko kwa fundo lilelile ambalo askari walihangaika asubuhi nzima kulifungua.