Mashine Haina Meno

Mama aliuma punje moja ya mahindi, ikalia ka! kati ya magego yake. "Umesikia? Imekauka. Andika."

Alaso hakuandika. Yeye ndiye mpimaji wa unyevu wa ghala hili la Malaba, mpakani, na jana alikataa mahindi ya mfanyabiashara wa Tororo aliyeuma punje vivyo hivyo. Leo mtu huyo alikuwa uani, akigeuza mahindi yake juu ya turubai. Sasa alikuwa ameacha kugeuza, akiwatazama.

Alaso alichoma bambo, kile chuma cha kuchotea punje, hadi chini kabisa ya gunia la mama, akamimina punje kwenye mashine. Unyevu asilimia kumi na nne nukta moja. Mwisho ni kumi na tatu na nusu, kwa mahindi ya huku na ya ng'ambo.

"Mashine haina meno," mama alisema kwa sauti ya chini. "Haya yangu yamepima tangu hujazaliwa."

"Haina meno, mama. Na haina mama."

Akaandika kumi na nne nukta moja. Akatandika turubai la pili kando ya lile la mtu wa Tororo, kisha akainama kwenye gunia la kwanza.

"Shika huko, mama."