Vinia ya Mkangazi

Seremala alilaza vinia ya mkangazi, ubao mwembamba kama karatasi, juu ya spika za mkewe, akaikandamiza kwa kiganja ili hewa isibaki chini yake. Mkewe alikuwa nazo tangu usichana, naye seremala alimwahidi zitarudi kama mpya.

"Haya, mke wangu, washa tuzisikie."

Mkewe akabonyeza kitufe, akaanza kucheza kwa mabega.

"Washa basi! Mbona wanitania?"

Mabega yakatulia. Midomo ya mkewe ilisema, "Nimewasha."

Msumeno wa umeme ulikuwa umempigia seremala kelele masikioni miaka mingi, na siku hizi alizoea kumlaumu mkewe kwamba ananong'ona. Sasa ubao ulikuwa ukitetemeka chini ya kiganja chake.

"Zinalia vizuri," alisema seremala. "Punguza kidogo."