Mizinga Kileleni

Kisiwa kilikaa katikati ya mlangobahari, na kila jeshi lililotaka kuzuia meli lilianza kwa kukitwaa. Safari hii askari walipandisha mizinga kileleni, penye makaburi.

"Mwanangu amelala hapa," Mwanamize alimwambia ofisa wao.

"Pole, mama. Lakini ni hapa tu tunapoweza kuona meli za pande zote mbili."

"Basi nipeni muda nimhamishe."

"Ni amri, mama. Shuka."

Sururu zilikuwa zimeshaanza kuchimba. Mwanamize alipiga magoti, akaokota mawe meupe ya kaburi la mwanawe, moja moja, akayafunga kwenye leso. Kisha akainuka na mzigo wake, asijue aupeleke wapi. Kule chini, kila upande, meli zilikuwa zikipita.