Ngumi ya Mzee Ngwali

Wimbo wa chama kipya ulipopigwa uwanjani, Mzee Ngwali alinyoosha mkono mbele, kiganja wazi, kama walivyozoeshwa na utawala wa mashati meusi. Utawala ule ulikwisha kupinduliwa, ila mkono wake haukuwa na habari. Wenzake wote walikuwa wameinua ngumi. Askari mwenye kitambaa chekundu akaanza kuja.

Bi Mwanakheri, jirani yake, akaudaka ule mkono na kuvikunja vidole kimoja kimoja mpaka vikawa ngumi.

"Siku hizi ni hivi, shemeji," alinong'ona. "Watakuchukua."

Askari akawatazama, akapita.

Mzee Ngwali aliinamisha uso. Katika uwanja huu huu, enzi za mashati meusi, mume wa Bi Mwanakheri alisahau kuinua mkono. Ngwali alikuwa amesimama naye bega kwa bega. Hakumgutua. Alijisogeza pembeni, askari wakamwona mwenzake vizuri, wakamchukua. Mpaka leo hajarudi.

"Shemeji, siku ile mimi..."

"Nilikuona," alisema Bi Mwanakheri. "Imba."

Wimbo ulipokwisha, watu walishusha mikono. Mzee Ngwali naye alishusha wake, lakini ngumi ile aliyokunjiwa hakuthubutu kuifungua.